Kura ya Bwana Hapana

Kijiwe chetu kipo pale barabara inapokunja kona kushuka baharini, kati ya saluni ya kinyozi na duka la dawa. Benchi lenyewe ni mlango wa ghala la zamani uliolazwa juu ya matofali, na kitasa hakijawahi kung'olewa, kwa hiyo mgeni akikaa vibaya kinamjulisha. Birika ni langu. Wananiita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja wao niliyemlea, na kwa hilo namshukuru Mungu. Wakaaji ni wanne. Kuna Kinyozi, anayemnyoa mteja upande mmoja kisha anatoka nje kumalizia hoja. Kuna Kapteni, aliyekata tiketi za kivuko miaka thelathini bila kupanda kivuko hata siku moja. Kuna Mtafiti, fundi friji, ambaye kila analosema limefanyiwa utafiti, ila hatuambii na nani. Na kuna Chapuchapu, mpeleka vifurushi, ambaye tangu saa moja asubuhi huwa "anaondoka sasa hivi" na pikipiki inanguruma pembeni. Wa tano alikuwa Bwana Hapana, mtu aliyepinga kila kitu mpaka salamu. Amefariki miezi minne sasa. Nafasi yake, mwisho wa benchi upande wa duka la dawa, hakuna aliyeikalia tangu hapo, na nakushauri usijaribu. Kinyozi hasemi kitu, anakutazama tu, na mtu mwenye wembe akikutazama vile unainuka mwenyewe.

Jumanne moja, bado niko kwenye birika la kwanza, akatokea binti wa ofisi ya mji. Kwapani ana karatasi za michoro, mkononi utepe wa kupimia, na vidole vimejaa chaki.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, wakaitikia wote, na Chapuchapu, ambaye hajafika hata miaka thelathini, akaitikia kwa sauti kuliko wenzake.

— Ofisi inajenga viti vipya njia yote ya pwani, akasema binti. Kila kona, wakaaji wenyewe ndio watakaosema wanataka kiti cha namna gani. Nimetumwa kuwasikiliza.

Kapteni akageuka nyuma kutazama binti anaongea na nani.

— Kumsikiliza nani?

— Nyinyi.

— Sisi hawa?

— Nyinyi hawa hawa, mzee wangu.

Jamani, mwanaume wa kijiweni usimwambie hivyo kwa ghafla. Watu hawa wameongea miaka nenda miaka rudi bila kusikilizwa na kiumbe yeyote, hata wao kwa wao. Kapteni alifunga kifungo cha shati. Mtafiti alitema kijiti cha meno. Chapuchapu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizima pikipiki.

— Karibu ukae, binti, akasema Kapteni. Kisha akaangalia benchi, akaona palipo wazi ni mahali pamoja tu, akajirekebisha. — Yaani, karibu usimame.

Binti ana adabu zake, akasimama. Akatoa masharti. Kiti hakitazidi mita tatu, zege limeshapigiwa hesabu. Wakaaji wa kila siku wakubaliane wote, kura zote ziwe ndiyo, kisha waweke sahihi. Na kwa kuwa ni kiti cha umma, lazima ibaki nafasi ya mtu mmoja, mpita njia, yeyote yule. Sahihi ziwe zimekamilika saa sita mchana. Kona itakayoshindwa kukubaliana itawekewa kiti cha ofisi, cha watu wawili, chenye chuma katikati.

— Chuma cha nini? akauliza Kinyozi.

— Ili mtu asilale.

— Watu wawili! Kapteni akashika kifua. Sasa wawili wakigombana nani ataamua?

Mtafiti alikuwa ameshaanza kuandika hewani kwa kidole.

— Mtu mmoja sentimita sitini. Huo ni utafiti wa dunia nzima. Sisi wanne, mita mbili na arobaini. Inabaki sitini. Hiyo ya mpita njia. Tumemaliza, lete sahihi.

— Na Bwana Hapana? akauliza Kinyozi.

Kidole cha Mtafiti kikabaki juu. Wote wakaangalia ile nafasi, halafu wakaangalia vikombe.

— Bwana Hapana ndiye nani? binti akafungua daftari.

— Mwenzetu wa tano. Amekaa hapa miaka kumi na minne.

— Yupo leo?

— Nitamsemea, akasema Kinyozi.

Binti akamwandika. Mimi nikangoja mmoja wao amwambie ukweli, na wao, nadhani, walikuwa wananingoja mimi. Nikaishia kuwaongezea kahawa ambayo hawakuomba. Lakini hesabu ilikuwa wazi hata kwangu mimi nisiyejua utafiti: nafasi ya tano ni moja. Ama ya mpita njia, ama ya marehemu.

Kura ya kwanza ilikuwa kiti kitazame wapi.

— Michoro yetu inaonyesha kinatazama baharini, akasema binti.

— Baharini kuna nini? Kapteni aliuliza kwa dhati kabisa.

— Mandhari, mzee wangu.

— Hayo yapo tangu nimezaliwa, sijasikia yamehama. Habari zipo barabarani. Nani kanunua godoro, nani kafukuzwa na mabegi yake. Bahari imewahi kukuletea habari gani wewe?

— Halafu ni hatari, akadakia Mtafiti. Utafiti unaonyesha mtu akiitazama bahari zaidi ya nusu saa, chumvi inamwingia sikioni, inaganda, anakuwa mbishi.

— Wewe mbona hujawahi kuitazama? nikamwuliza.

— Mimi ubishi wangu ni wa kusomea, Shangazi.

Kapteni akawasogelea wote, akashusha sauti.

— Nyinyi hamjui siri ya viti hivi. Mji umeinama.

— Umeinama wapi?

— Kuelekea baharini. Polepole. Mimi nimefanya kazi kivukoni, chombo kikilala upande nakijua hata kabla abiria hawajapiga kelele. Sasa ofisi imeshtuka. Viti vya zege vinawekwa ili kusawazisha. Watu wanene mtaona, watapewa namba za kukaa.

— Ndiyo maana chungwa likidondoka gengeni linakimbilia pwani! akasema Chapuchapu.

— Umeona sasa!

— Barabara ina mteremko, nikasema.

— Na mteremko umetoka wapi, Shangazi? Jiulize.

Sikujiuliza. Nilikuwa na vikombe vya kuosha.

— Wazee, mnahangaika bure, akasema Chapuchapu. Kiti kizunguke. Chini tunaweka beringi ya lori, pembeni usukani. Asubuhi tunatazama barabara, jua likigeuka tunageuka, mkwe wako akipita tunageukia ukutani.

— Nani atashika usukani?

— Mwenye leseni, akasema, akijigusa kifuani.

Nilichungulia daftari la binti. Ameandika "kuzunguka" na alama mbili za kuuliza. Mwishowe wakapiga kura kiti kitazame barabara, mikono minne juu, Kapteni akainua yote miwili, akashushwa mmoja.

— Bwana Hapana anapinga, akasema Kinyozi.

— Yeye anataka baharini? binti akauliza.

— Hapana. Anapinga tu.

Binti akaandika: wanne ndiyo, mmoja hapana. Akaangalia saa.

Wakaja kwenye kimo. Kapteni anataka kiti kirefu, miguu ining'inie, aone vizuri. Mtafiti akakataa.

— Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa hiyo sisi tukae chini kabisa, tuwangoje wote.

— Aliye juu ni nani?

— Utafiti unaendelea.

— Na ukikaa chini kabisa, nani atakuinua? nikamwuliza, maana magoti yake nayajua.

— Umoja ni nguvu, Shangazi. Tunainuana.

— Wa mwisho atainuliwa na nani?

Hapo alifikiri mpaka kahawa ikapoa. Kimo kikawekwa cha kawaida, cha magoti ya Mtafiti. Kura: wanne ndiyo. Bwana Hapana anapinga.

Kwenye egemeo ndipo mambo yalipochangamka. Mtafiti akasema samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo zege lipindwe kabla halijakauka, lifuate mgongo wa mtu. Wazo zuri. Kapteni akauliza: mgongo wa nani? Basi wanaume watatu wakasimama, wakampa binti migongo, wameshika viuno, ili achague. Kinyozi akawa hakimu, anawapiga makofi madogo mabegani, huyu kapinda, huyu kanyooka kupita kiasi kama mtu aliyemeza fimbo. Waliokuwa wamepanga foleni duka la dawa wakaacha foleni yao kuja kutazama. Mzee mmoja akauliza kama ni uchunguzi wa bure, naye akageuka.

— Mgongo wa Chapuchapu ndio wa wastani, akasema binti, akipima.

— Wa wastani! Chapuchapu akafurahi utadhani kapewa cheo.

— Mchumia juani hulia kivulini, Mtafiti akaongeza. Sisi hatuchumi. Kwa hiyo kivuli tuwekewe moja kwa moja.

Kura. Egemeo la mgongo wa Chapuchapu, na kivuli. Mikono minne.

— Bwana Hapana anapinga, akasema Kinyozi.

— Ah, mzee, hapo sasa! Chapuchapu akaruka. Yeye mwenyewe ndiye aliyelalamika miaka yote kwamba benchi halina egemeo!

— Ndiyo. Na sasa limepatikana, anapinga. Kwani humjui?

Wakacheka mpaka Kapteni akapaliwa. Hata mimi nilicheka, maana ndivyo alivyokuwa kweli. Ukimwambia leo kuna joto, anakwenda kuvaa koti. Nikiuliza kahawa imekolea, anasema hapana, kisha ananyoosha kikombe nimwongeze. Binti naye alicheka, akasema huyu mzee angependa sana kumwona. Kicheko cha wenzangu kikakatika katikati.

Nadhani ni kwa kutaka kuondoa ule ukimya ndiyo maana Chapuchapu akasema lile jambo la mashine.

— Mimi nimesikia, akaanza, ndani ya zege wanaficha kidude. Kinahesabu. Ukikaa zaidi ya saa moja, kinamtumia mkeo ujumbe.

Kapteni akasimama. Hakuamua kusimama, alijikuta tu yuko wima.

— Ujumbe unasemaje?

— Unasema "mumeo bado yupo".

— Jina linaandikwa?

— Na uzito.

Binti akaapa kwamba hakuna kidude chochote, ni kokoto, saruji na mbao. Kapteni akakaa tena, lakini kwa ncha tu, akiwa tayari kwa lolote. Saa nne na nusu. Kura tatu zimepigwa, tatu zimepingwa. Binti akatoa ile chaki, na hapo ndipo alipokosea, maskini.

— Tuanze na kitu chepesi, wazee wangu. Kila mmoja achore chini nafasi anayohitaji.

Kinyozi alichukua chaki wa kwanza. Akapiga magoti, akachora yake, haraka haraka, mistari imepinda. Kisha akachora ya Bwana Hapana, na hiyo aliichora taratibu, akaifuta upande mmoja kwa kidole, akaichora upya.

— Sitini na tatu, akasema. Alikuwa anakaa kiubavu.

Kapteni akachora sitini zake, akaongeza za gazeti likiwa limefunguliwa. Mtafiti akachora zake, akaongeza upande wa kulia na wa kushoto, pa kurushia mikono, kwa sababu hoja bila mikono ni friji bila gesi. Chapuchapu akachora yake na ya helmeti.

— Helmeti haina makalio, nikasema.

— Lakini ina heshima zake, Shangazi.

Ingeishia hapo tungepona. Lakini Kapteni akakumbuka shemeji yake aliye ng'ambo, anayekuja kila baada ya miaka miwili.

— Aje, atoke safari yote hiyo, akute amechorewa hewa?

Akachorewa. Mtafiti akamkumbuka yule jamaa aliyetununia tangu tulipomfunga drafti mara saba mfululizo.

— Na siku akisamehe? Nafasi ya msamaha lazima iwepo. Tena mpe sabini, hasira imemnenepesha.

Wakamchorea. Wakamchorea mtu wa kusikiliza akijifanya anasubiri dawa, maana huyo hakosekani. Wakachora nafasi ya kuacha wazi kati ya watu wawili waliogombana, halafu ya pili, kwa ugomvi mkubwa zaidi. Chaki ikapita mbele ya mlango wa saluni. Ikapita geti la nyumba jirani, mwenye nyumba akauliza, akaambiwa na yeye kachorewa, akaingia ndani ameridhika. Ikakata kona. Binti anaifuata na utepe wake, ameinama, anaita namba: nane! Kumi na moja! Kumi na sita na nusu! Alianza kwa kusikitika, lakini kufikia kumi na tatu alikuwa anacheka peke yake, na kufikia kumi na saba alikuwa anawapendekezea: na wajukuu je? Na za wajukuu zikachorwa, ndogo ndogo, kama vigae. Chaki ikafika ukuta wa bahari ikakosa pa kwenda. Chapuchapu akakaa chini kule mwisho, akapiga mbinja.

— Huku mnanisikia?

— Hatukusikii! Kapteni akajibu.

— Basi hoja zitanifikiaje?

— Kwa barua!

— Na kahawa?

Wote wakanigeukia mimi.

— Shangazi atapanda pikipiki, akasema Mtafiti. Utafiti unaonyesha inawezekana.

Nikawaambia nitapanda pikipiki siku wao watakapopanda kivuko. Kapteni akanuna kidogo.

— Mita kumi na tisa na nusu, binti akasema alipopata pumzi. Wazee wangu, nina tatu.

Saa tano na nusu. Hapo ndipo walipoanza kufuta, kwa nyayo, bila furaha. Kapteni akamfuta shemeji yake mwenyewe, akisema hata barua haandiki. Aliyenuna akafutwa, akisamehe atasimama. Helmeti ikaondoka, gazeti likakunjwa, Mtafiti akakubali kubishana mikono ikiwa mapajani. Vikabaki visanduku vitano, vinne vya sitini na kimoja cha sitini na tatu.

— Zimezidi sentimita tatu, hilo nitalimaliza mimi, akasema binti. Lakini nafasi ya mpita njia iko wapi?

Chapuchapu alikuwa anafuta chaki ambayo ilishafutika.

— Labda niongee na Bwana Hapana mwenyewe, akasema binti kwa upole. Kura yake ndiyo tu inayozuia. Kama anakaa mbali, kaka huyu ana pikipiki, atanifikisha mara moja.

Chapuchapu akaangalia funguo zake. Nikaona basi, nikaweka birika chini.

— Mwanangu, nikasema, amefariki. Mwezi wa nne huu.

Binti akatazama lile daftari, mstari kwa mstari, mahali marehemu alipopinga kiti kitazame wapi, kimo, egemeo na kivuli. Hakucheka, wala hakufuta.

— Poleni sana. Sikujua.

— Ungejuaje, akasema Kinyozi. Amechangia asubuhi nzima.

Kapteni akakohoa. Akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, kwamba wote walimpenda Bwana Hapana, lakini saa sita inakaribia, na wakikosa sahihi watawekewa chuma, na watatawanyika wawili wawili kila mtu na kona yake.

— Tutatawanyika kwa ajili ya mtu asiyekuwepo? akauliza.

Miezi minne hakuna aliyelisema hilo.

— Andika hapana, Kinyozi akamwambia binti. Walete chuma chao.

— Mzee, tafadhali, akasema Chapuchapu.

— Nyinyi mnadhani namlilia. Simlilii. Kinyozi akageuza kikombe chake juu chini, akakigeuza tena. — Tangu aondoke, kila ninachosema mnakubali. Nikisema kesho mvua, mnasema kweli. Nikisema nilimnyoa yule mteja vibaya, mnasema kweli, pole. Mnajua mtu anavyochoka kukubaliwa? Nilikuwa na mtu mmoja duniani ambaye nikiamka asubuhi nina uhakika atanikatalia. Naamka nimeshajiandaa, hoja nimezipanga toka kitandani. Sasa nazipanga za nini?

— Basi sisi tutakukatalia, akasema Chapuchapu.

— Haya, nikatalie sasa hivi.

— Sawa, akasema Chapuchapu.

Kinyozi akamwangalia tu. Mtafiti akataka kucheka, akajiziba mdomo kwa kikombe. Mimi nilimwonea huruma Kinyozi, na hapo hapo nilitaka kumzaba kibao, kwa sababu kama benchi likiondoka, hata hao wanaomkubalia hatawapata. Nikamwambia nusu ya hayo. Nusu nyingine nikaimimina kwenye vikombe.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Kutoka duka la dawa akatoka mama mmoja, mgeni, hakuna aliyewahi kumwona. Mguu mmoja una bandeji mpaka juu ya kifundo, mkono mmoja una mfuko wa vidonge, kwapani bahasha kubwa ya picha ya eksirei. Anatembea kwa kushika ukuta. Ukuta ukaisha. Akasimama mwisho wa benchi, akaangalia ile nafasi, akatuangalia sisi.

— Samahani jamani, akasema. Hapa kuna mtu?

Swali gani rahisi zaidi ya hilo? Kila mtu duniani ameshaulizwa. Mtafiti alinyanyua kidole, utafiti haukutoka. Aseme yupo, mama anaona kwa macho yake kwamba hayupo. Aseme hayupo, na Kinyozi yule pale pembeni. Binti alishika kalamu bila kuandika. Mama naye alikuwa anasubiri, mguu mmoja umeinuliwa juu kidogo kama kuku kwenye matope, jasho linamtoka, na hakujua kwamba ameuliza jambo kubwa. Nilimtazama Kinyozi.

Basi akasogea. Lakini hakusogea upande tuliotegemea. Aliingia mwenyewe kwenye nafasi ya Bwana Hapana, akajivuta mpaka mwisho, halafu akapangusa kwa kiganja pale alipokuwa amekaa yeye.

— Karibu, mama. Kaa hapa. Hapa ni pangu.

Mama akajishusha, akashusha na pumzi. Akashukuru. Nikampa kahawa, nikamwona anashika kikombe kwa mikono miwili. Kinyozi yeye alikuwa amekaza shingo. Kisha akageuza uso kushoto. Akageuza kulia. Akafunga macho, akafungua.

— Ala!

— Nini? akauliza Kapteni, amekwisha kuogopa.

— Hapa kuna upepo.

— Upepo gani?

— Upepo! Unatoka hapo kwenye kichochoro cha duka la dawa, baridi kabisa, unaingia shingoni! Na kivuli kipo! Na barabara yote naiona, mpaka kule chini! Kinyozi alikuwa anapiga paja. — Miaka kumi na minne namwambia bwana, tubadilishane leo, na mimi nikae huko. Miaka kumi na minne ananijibu: hapana, huku pana jua kali, kaa hapo hapo ulipo, utaungua bure!

Kapteni ndiye aliyeanza. Halafu Mtafiti, halafu Chapuchapu akateleza akakalia kitasa, akapiga kelele, ndiyo tukazidi. Mama wa bandeji alicheka bila kujua anacheka nini. Mimi nilishika birika kwa mikono yote miwili lisije likaniponyoka.

— Mzee wangu, akasema binti, dakika zimebaki tano. Niandike nini?

— Andika wanne ndiyo. Na nafasi ya mpita njia, hii aliyokaa mama.

— Na Bwana Hapana?

Kinyozi alikuwa anacheka bado, anajifuta macho kwa kiganja, yanajaa, anajifuta tena.

— Huyo usimwulize kitu, akasema. Mwongo mkubwa yule.